Rekebisha Mwanga, Mwache Mtu na Rangi Yake

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Picha za harusi ulizonitumia nimezipata, nimezitazama moja moja. Kupiga unajua. Rangi ndizo bado zinakusumbua, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Zile za chini ya turubai la buluu, nyuso zote zimepauka. Wewe ukaongeza mwangaza, ukaongeza tena, hadi bibi harusi akawa mweupe kuliko alivyozaliwa, na ubuluu bado upo palepale. Shika utaratibu huu: kwanza mizani ya weupe, pili mwangaza, mwisho rangi moja moja. Programu isikuumize kichwa. Iwe Lightroom au GIMP, mchagua jembe si mkulima.

Joto la mwanga hupimwa kwa kelvini. Balbu ya kizamani hutoa kama 2,800, jua la mchana karibu 5,500, na kivulini mara nyingi hupita 7,000. Kamera ikikosea kukisia, una vitelezi viwili: kimoja kati ya buluu na njano, kingine kati ya kijani na majenta. Picha ya turubai la buluu ivute upande wa njano. Ya turubai la kijani ivute upande wa majenta.

Jihadhari na kile kidude cha kubofya mahali peupe. Kanzu nyingi hufuliwa zikatiwa buluu ili zing'ae. Ukiibofya kanzu kama hiyo, programu itauchukulia ubuluu wake kuwa kosa, itaongeza njano, na ukumbi mzima utaonekana umepakwa manjano. Nunua kadi ya kijivu. Bibi harusi aishike kwa picha moja tu, uibofye hiyo, kisha unakili marekebisho kwenye picha zote za mwanga uleule. Wakihamia ndani kwenye taa, piga kadi upya.

Ukifika kwenye ngozi, usiyaamini macho peke yake, maana huzoea upesi. Weka kishale shavuni usome namba za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Katika mwanga wa kawaida, ngozi ya mtu, iwe nyeusi au nyeupe, nyekundu hutangulia, kijani hufuata, buluu hushika mkia. Buluu ikiipata kijani, uso unakuwa wa majivu. Ishushe kidogo kidogo huku ukitazama namba. Na kwenye picha ya JPEG, namba zote tatu zikifika 255, hapo pameungua, hakuna kitelezi cha kuparudisha. Ndiyo maana nakuhimiza upige RAW: JPEG huhifadhi ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 huhifadhi 16,384.

Tena usidhani mitambo haipendelei. Enzi za filamu, maabara zilipimia rangi kwa kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na sisi tukabaki meno na macho. Kilio cha watengenezaji wa chokoleti na samani, kwamba rangi zao za kahawia hazitoki, kilichangia filamu kuboreshwa. Leo kitelezi kiko mkononi mwako, mpwa wangu. Usiturudishe kule kwa hiari yako.

Najua wapo wateja watakaokuambia, "Ning'arishe kidogo." Usibishane nao. Ondoa kwanza rangi ya turubai, inua vivuli kidogo usoni, kisha waonyeshe. Wengi wakijiona wamependeza kwa rangi yao hawaombi tena.

Mwisho, kwenye kompyuta yako zima ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya njano, na mwangaza wa skrini uwe wa wastani. Skrini ikiwaka kupita kiasi, picha zitachapwa zikiwa na giza. Kabla ya kulipia albamu nzima, chapa picha moja ya uso, itoe nje mchana, uilinganishe na skrini. Gharama yake ni ndogo kuliko aibu ya kurudishiwa kazi.

Zile za turubai zifanye upya kabla hujazikabidhi, unitumie nizione. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako.

Ni mimi mjomba wako