Rangi ya Peugeot ya Babu Yako

Tanga
18 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata pamoja na picha za ile Peugeot 504 ya babu yako, na nimefurahi mno kusikia kwamba umewakatalia wanunuzi wa vyuma chakavu. Unaniuliza uipige rangi ya namna gani: metaliki yenye klia juu kama magari ya siku hizi, ile isiyong'aa wanayoipenda vijana wenzako, au rangi ya kawaida. Jibu langu ni hili: piga rangi ya 2K isiyo na klia, nyeupe ileile iliyotoka nayo kiwandani. Sababu zangu nazieleza hapa chini, uzipime mwenyewe.

Mafundi wengi huko Mombasa watakushawishi utumie rangi ya NC, yaani nitroselulosi. Wanaipenda kwa kuwa hukauka upesi, maana tina, yaani kiyeyushi chake, ikishapaa tu, kazi imekwisha. Zamani ilikuwa neema kubwa. Miaka ya 1920 General Motors walipoanza kuuza magari ya Oakland yaliyopakwa rangi ya aina hiyo, iliyoitwa Duco, kazi ya majuma ikawa ya siku chache. Lakini NC hata ikikauka, tina huiyeyusha tena. Petroli ikimwagika penye mdomo wa tangi, doa litabaki. Tena kwenye unyevu wa pwani huingia ukungu mweupe kabla haijakauka. 2K haiko hivyo. Huchanganywa na hadina, yaani kikazishi, zikashikana na kuwa kitu kimoja kigumu, na baada ya hapo petroli haiisumbui.

Sasa suala la klia. Uzuri wake naujua: huzuia mionzi ya jua isiifikie rangi, na mng'ao wake ni mkubwa. Shida huja inapochoka. Huanza kubanduka kwenye boneti na juu ya paa, vipande vipande, na hapo hakuna kupolishi. Ni kupiga msasa sehemu nzima na kupuliza upya. Rangi isiyo na klia nayo huchoka, lakini kwa namna nyingine: hufifia na kutoa unga kama chokaa. Ukiisugua kwa kompaundi, unga huondoka na rangi nzima iliyo chini yake hujitokeza. Usisugue mara kwa mara tu, kwa sababu kila ukisugua unapunguza unene wake.

Metaliki ina chembe za alumini ndani, na mwanga huakisiwa kulingana na zilivyolala. Mlango mmoja ukikwaruzwa na matatu, fundi wa pili akaupuliza kwa presha tofauti au kwa umbali tofauti, utaonekana wa gari jingine. Nyeupe ya kawaida husamehe zaidi. Na ile isiyong'aa ndiyo ngumu kuliko zote kutunza, kwani haipigwi kompaundi wala nta, na mahali panaposuguliwa sana hung'aa peke yake na haparudi tena.

Kabla hujanunua kopo lolote, chunguza kilichopo. Chukua kitambaa safi chenye kompaundi kidogo, usugue pembeni. Kikitoka na rangi, hakuna klia juu. Kisha dondoshea tina mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika na kuyeyuka, hiyo ni NC, na ukipuliza 2K juu yake yaweza kujikunja. Iondoe yote hadi bati. Nyeupe ya asili itafute ambako jua halijafika, chini ya zulia au ndani ya buti, ndipo ukalinganishe dukani. Usilinganishe na paa, limeshapauka.

Na tafadhali, fedha nyingi ziende chini ya rangi. Hewa ya chumvi huila bati kimyakimya kwenye madigadi na chini ya milango. Palipooza pakatwe, pachomelewe bati jipya, si kujaziwa puti. Puti iwe ya kusawazisha tu. Kisha praima, msasa namba 400 hadi 600 wa maji, na gari likauke kabisa. Mng'ao hauwezi kuficha bati lililopinda. Huonyesha kila bonde, na nyeupe nayo usiitegemee kukusitiri. Pulizieni siku kavu, ndani ya banda lililomwagiwa maji sakafuni ili vumbi litulie, na kipimo cha hadina kiwe kama kilivyoandikwa kwenye kopo. Likishatoka, mwezi wa kwanza usilipake nta, uache rangi ikomae.

504 ni gari lenye heshima yake. Lilizinduliwa mwaka 1968, mwaka uliofuata likatajwa Gari la Mwaka la Ulaya, na mwaka 1975 dereva Ove Andersson akashinda nalo Safari Rally. Umbo lake linajitosheleza, halihitaji vimetameta.

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Hadina ya 2K ina kemikali ziitwazo aisosaineti, na zikiingia mapafuni zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii chochote, na barakoa ya karatasi ni kujidanganya. Fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na wewe usisimame karibu. Kama gereji haina barakoa hiyo, tafuta gereji nyingine hata kama ni ghali. Ukikosa kabisa, ahirisha kazi. Gari hili limengoja miaka, laweza kungoja tena, na afya ya fundi haina mbadala.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.