Mume Wangu Aliniletea Bahari Bariadi

Msomaji wangu, kuna neno moja ambalo siku hizi nikilisikia nashtuka: "Utazoea." Ukiolewa ukahamia kwa watu, unaambiwa utazoea. Ukihamishwa kikazi, utazoea. Mimi niliambiwa hivyo nilipohamia Bariadi, halafu na mimi nikalirudia mbele ya samaki. Yule samaki hakuzoea. Alikufa siku ya 19.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Dar, nimekua na upepo wa bahari puani. Mume wangu ni Msukuma, kazi yake ni ya pamba, na mwaka 2019 alihamishiwa Bariadi. Tulifika mwezi wa nane, mji umefurika wageni wa maonyesho ya Nanenane pale Nyakabindi, gesti zote zimejaa. Nikajisemea, kumbe mji umechangamka hivi! Nanenane ikaisha, wageni wakaondoka, nikabaki na jua, vumbi na malori ya pamba. Kazi yangu ya uhariri nilikuwa naifanyia nyumbani kwa kompyuta, mashosti wote nimewaacha Dar. Bariadi ni mji mzuri na watu wake ni wakarimu, sitaki kuwasingizia. Mimi ndiye niliyekuwa nimenyong'onyea, na sikumwambia mtu.

Mume akaona. Kuna wanaume huona wakanyamaza. Wangu akaona, akaenda kununua kitu. Siku tuliyotimiza mwaka mwingine wa ndoa nikakuta sebuleni tangi la kioo la lita 300. "Umeikosa bahari, mke wangu. Basi nimekuletea." Jamani, nililia.

Lakini bahari haiji peke yake. Maji yake yana kama gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo lita 300 zinataka kilo 10 na nusu hivi. Na si chumvi ya jikoni, ni ya kuagiza, yenye madini yanayofanana na ya baharini. Maji nayo lazima yachujwe sana, na kichujio kinamwaga mengi kuliko yale kinayokupa. Kwenye mtaa ambao jirani yako anapanga foleni na dumu, hilo ni jambo la aibu, hivyo tukawa tunayakinga yanayomwagika na kufulia. Halafu unasubiri wiki nne hadi sita, bakteria wazaliane kwanza, kwa sababu ndio wanaoigeuza amonia ya uchafu wa samaki, ambayo ni sumu. Umeme ukikatika usiku, mnaamka wote wawili kuunganisha pampu kwenye betri ya gari. Mapenzi hayo!

Tulianza na wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, ambao tangu filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 kila mtu anawaita Nemo. Hawa hawana makuu. Wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye matangi, bahari hawaijui, na chakula cha dukani wanakula vizuri tu. Mama mkwe alipokuja kutoka Busega nilipiga goti, "Mwadila mayu," akaitikia, akalitazama tangi kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa hawa mnawala lini, mwanangu?"

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Tamaa ikaniingia.

Kabla hatujaoana tulikwenda Mbudya, boti ya kutoka Kunduchi. Mwenzangu haogelei, akabaki ufukweni na chipsi zake. Mimi nikavaa miwani ya kuzamia na nikamwona: samaki bapa, mistari mieusi, mieupe na ya njano, na uzi mweupe mrefu unaopepea kutoka mgongoni. Wazungu wanamwita Moorish idol, wataalamu Zanclus cornutus. Sikumsahau. Sasa nilikuwa na bahari yangu, kwa nini nisiwe naye?

Mbudya huwezi kumchukua, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Nikampata muuzaji mmoja mjini Dar. Alimvua wapi, hakusema, na mimi sikuuliza. Alichoniambia ni, "Anasumbua kidogo kula mwanzoni, lakini atazoea."

Akaja kwa ndege mpaka Mwanza, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni, halafu barabara mpaka Bariadi. Nikampa jina, Mbudya. Siku ya kwanza hakula. Nikampa uduvi, mwani, nikamsagia hata kitunguu saumu kwenye chakula kama nilivyoshauriwa. Anasogea, anaonja, anatema. Ubavu ukaanza kuingia ndani.

Ndipo nikaanza kusoma, kitu nilichopaswa kukifanya kabla. Samaki huyu chakula chake kikubwa baharini ni sifongo, wale wanaoota kwenye miamba, na anazunguka eneo kubwa kutwa nzima akidonoa. Kwenye matangi ya nyumbani wengi hugoma kula mpaka wanakufa. Hata yule Gill wa kwenye Finding Nemo, anayepanga mbinu za kutoroka tangini, ni samaki wa aina hii hii. Nimeiangalia filamu ile mara kumi!

Usiku huo tukagombana.

"Tumempa kila kitu," mume akasema. "Maji, chumvi, taa, betri ya gari langu!"

"Kila kitu isipokuwa chakula chake."

"Lamadi pale kila siku wanavua sangara na dagaa, mbona huwalilii?"

"Wale tunawala. Huyu tunamtazama akifa njaa."

"Atazoea. Mbona wewe umezoea?"

Nikakaa kimya kidogo. Kisha nikasema, "Sijazoea."

Hatukulala. Nilimwambia yote: upweke, jinsi nilivyokuwa nasubiri safari za Dar kama mfungwa. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikajibu, kwa sababu uliniletea bahari, ningesemaje? Siku nne baadaye Mbudya alikufa.

Hoja za upande wa pili nazijua. Wafugaji wazoefu wanasema pasipo watu wa kujaribu samaki wagumu tusingejua kuwatunza. Na mume wangu, aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, alinikumbusha furu. Ziwa lile lilikuwa na aina zaidi ya 500. Sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 za furu zilitoweka. Baadhi ya zilizobaki zilinusurika kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tangi si dhambi. Lakini wale walijua furu anakula nini, wakamzalisha. Samaki kama Mbudya karibu wote hutolewa baharini, na anayekufa sebuleni unamfuata mwingine mwambani. Mtaalamu mwenye tangi kubwa na chakula cha sifongo na ajaribu. Mimi nilijaribu kwa sababu alikuwa mzuri.

Wale Nemo tunao mpaka leo. Wagumu hatununui tena. Na tulikubaliana: kila mwezi wiki moja nafanyia kazi Dar, na yeye akipata likizo tunakwenda Mbudya. Safari iliyopita alivaa miwani, akaingia maji ya kiunoni, akainamisha uso. Alipoinuka alikuwa ameduwaa. "Kumbe hivi ndivyo wanavyokaa!"

Wapenzi mnaopanga kuhamia pamoja, kuhamishana mikoa, au kununua tangi, nawaachia hili. Kabla hujamleta mtu au samaki nyumbani kwako, usijiulize kama atazoea. Jiulize anakula nini, na kama unacho.