Kutafuta Sarafu Pwani ya Dar es Salaam

Tulitoka Kariakoo kwa miguu, tukapita Gerezani, ambako mafundi hufua vyuma vikuukuu viwe majiko na masanduku, tukashuka hata pwani ya Ocean Road, maji yakiwa yamekupwa. Tulichukua chombo kile kiliacho kipitapo juu ya chuma au shaba.

Anayeanza asikimbilie mchanga mbichi, maana chumvi yake hukifanya chombo kilie bure. Na aanze juu, penye mchanga mkavu, akikipitisha polepole karibu na ardhi. Ataokota vizibo vya soda vingi, avumilie. Wakati mwema ni baada ya bamvua, bahari ikiisha kuzoa mchanga wa juu. Kila shimo lifukiwe.

Huenda akaona pesa ya shaba ya Wadachi ya miaka ya 1890, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Lakini ikiwa ni sarafu ndogo ya Kilwa ya zamani, habari ni nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa kabla ya 1863, wala haimruhusu mtu kuvichimbua pasipo kibali. Mnunuzi wa shaba hupima kwa kilo tu. Mizani yake haiulizi umri. Basi asiyejua akiache kitu palipo, apeleke habari Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert.

Na chuma kizito chenye umbo la risasi kubwa kisiguswe kabisa: manowari za Waingereza ziliupiga mji huu kwa mizinga mwaka 1914.