Mwanafunzi wa Zeze

Mtu akipita miaka arobaini, hasa akiwa na shahada ya uzamivu na jina la mwalimu, hudhaniwa kuwa siku zake za kukosea mbele za watu zimekwisha. Hukosoa wengine, yeye hakosolewi. Mimi nilikaa katika starehe hiyo miaka mingi, na nakiri kuwa niliipenda. Kilichonitoa humo ni kibuyu, kipande cha ngozi, mti na nyuzi mbili.

Nazungumza juu ya zeze. Jina hili lina vyombo zaidi ya kimoja. Zeze la Wanyamwezi ni mti ulionyoka, uliofungwa kibuyu, na nyuzi zake hupigwa kwa vidole. La Wagogo huvutwa kwa upinde, na kwa hivyo ni jamaa wa mbali wa fidla na selo za Ulaya. Hilo la pili ndilo lililonivuta, wala si geni Tabora. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita Ugogo kabla ya kufika kwetu, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Richard Burton, aliyeondoka pwani Juni 1857 na kufika hapa, palipoitwa Kazeh, Novemba 7, alilieleza zeze katika kitabu chake cha mwaka 1860. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alitoka Dodoma, akafundisha Bagamoyo, mwanzo wa njia hiyo hiyo, na akalipeleka zeze mbali ng'ambo ya bahari.

Mwalimu wangu ni mzee wa Kigogo aliyefanya kazi ya reli, akastaafu na kubaki mtaani kwetu chini ya miembe. Siku ya kwanza alinitazama mkono, akacheka. "Mwalimu," aliniambia, "usiukamate uzi kama umekamata mwizi. Na upinde uende polepole, hakuna anayekufukuza." Maneno yalikuwa mepesi, lakini kuyatenda kulinishinda. Zeze halina alama ya kumwonyesha mchezaji mahali pa kidole. Sikio ndilo hakimu, na sikio langu lilikuwa halijapata kuketi barazani.

Nyumbani nilifanya mazoezi kila jioni, baada ya jua kuchwa. Mke wangu aliendelea na cherehani yake, na nadhani aliikanyaga kwa nguvu zaidi kuliko kazi ilivyotaka. Binti yetu mdogo aliziba masikio kwa unga mikononi. Jirani alipita kuuliza, kwa adabu kubwa, kama tumenunua mbuzi na kama mbuzi huyo ni mzima. Mvulana wetu tu, aliye kidato cha pili, hakusema neno. Alikaa mlangoni, akasikiliza.

Ukimya wake ulikuwa na historia. Alipokuwa mdogo aliniletea insha zake kwa furaha, nami nilizipokea kwa kalamu nyekundu. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilimsahihisha tu, kila mstari, kila mara. Mwaka juzi aliacha kuniletea. Nilipomwuliza alijibu, "Hakuna kazi, Baba," nami nikachagua kumwamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi kuliko kuuliza tena.

Jioni moja nilikuwa nimerudia kipande kimoja mpaka nikachoka. Nilikasirika, nikauweka upinde chini kwa kishindo. Sauti ikatoka mlangoni: "Baba, Mzee alisema polepole." Kumbe alikuwa akinifuata kwa yule mzee na kusikiliza nje ya ua. Neno la haraka lilinijia ulimini. Nililimeza, nikauokota upinde, nikavuta polepole. Sauti haikuwa nzuri, ilikuwa afadhali. Tulitazamana, na mara ya kwanza kwa muda mrefu tulicheka pamoja.

Siku mbili baadaye nilikuta daftari lake juu ya meza, karibu na zeze. Niliisoma insha yake bila kalamu. Niliona makosa 11, maana jicho la mwalimu halifungiki kwa urahisi. Nilimwambia moja, nikamsifu kwa sentensi aliyoieleza mvua ya Tabora inavyonukia vumbi kabla haijanyesha. Makosa 10 yalibaki daftarini, na dunia haikuharibika.

Nimewahi kuwasomesha wanafunzi wangu habari za wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua mizigo ya frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mwendo wa miezi. Nilifundisha majina ya vituo vyao kama kwamba kituo ni nukta katika ramani. Sasa nafahamu kuwa kituo ni ruhusa: mtu hutua mzigo wake palipo na maji, bila kuona haya kuwa bado hajafika. Ruhusa hiyo nilimnyima mwanangu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kuihitaji.

Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini huwahusu samaki. Mimi nina mvi, na zeze langu bado hulia kama mbuzi wa jirani. Kila jioni mvulana hukaa karibu nami, daftari magotini; yeye hukosea kwake, nami hukosea kwangu.