Mtungi wa Gesi Safarini: Kutoka Bunia Hadi Ziwani

Mtu atokaye Bunia kwenda Kasenyi huiacha miinuko yenye hewa ya baridi, hupita Bogoro, kisha hushuka ukingo mrefu wa bonde hata kuliona Ziwa Albert likimetameta chini yake. Bunia uko karibu mita 1,250 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 620 tu. Njia yote ni kilometa zipatazo 50, lakini abiria aliyejitanda shuka asubuhi hufika pwani ya ziwa akijipepea kwa kofia. Hapo Bogoro hatupiti bila kunyamaza kidogo, kwa ajili ya wale waliouawa tarehe 24 Februari 2003.

Katika mizigo ya njia hii, baina ya mabati, sabuni na magunia ya makala, kama tuitavyo makaa huku kwetu, umo sasa mzigo mwingine: mtungi wa gesi. Jamaa nyingi za Bunia zingali zikipika kwa makala, nasi hatuwalaumu, kwa maana gesi yataka fedha nyingi kwa mara moja. Lakini wapo walioanza kuitumia, na mtungi husafiri nao. Huwekwa miguuni pa abiria, au hulazwa juu ya pikipiki na kufungwa kwa mipira ya gurudumu kuukuu, au hupakiwa kwenye lori pamoja na mbuzi na madumu ya petroli. Tumeona pia mama akiupakata kama mtoto.

Je, yafaa kuubeba hivyo? La hasha. Lakini sababu yake si ile wanayoidhani wengi. Wengi huogopa kwamba mtungi utapasuka kwa mtikiso wa barabara. Chuma chake ni kinene, nacho hakipasuki kwa shimo moja la njiani. Adui mkubwa ni gesi itokayo polepole, pasipo mlio, katika koki isiyofungwa sawasawa au mpira uliochakaa.

Gesi hii, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Propani huizidi hewa kwa mara moja na nusu, butani kwa karibu mara mbili. Moshi wa jiko hupanda na kutoka dirishani. Gesi hushuka, ikatandaa sakafuni, ikaingia chini ya viti, ikakaa humo kama maji katika beseni. Mtu aliyefungua dirisha la juu hudhani amejilinda, kumbe gesi iko visiginoni pake. Tena haihitaji kuwa nyingi. Sehemu mbili tu katika mia ya hewa zatosha kuwaka, na cheche moja ya nyaya za motokaa au njiti ya mvuta sigara huimaliza kazi.

Wazungu wanaosafiri kwa gari-nyumba, yaani motokaa yenye kitanda na jiko ndani yake, wamelijua jambo hili zamani. Katika gari lililoundwa vema mitungi haikai pamoja na watu. Ina kabati lake, mlango wake hufunguliwa kwa nje, kuta zake hazina mwanya wa kuingilia chumbani. Na chini kabisa, katika sakafu ya kabati, pametobolewa matundu. Gesi ikivuja, huangukia barabarani na kupeperushwa na upepo. Matundu hayo hayagharimu kitu, nayo huokoa watu zaidi ya kufuli na maandishi mekundu.

Sisi hatuna gari-nyumba. Lakini akili ile ile yatufaa katika lori na pikapu: mtungi ukae nyuma, mahali pa wazi, penye upepo, mbali na watu na petroli. Asiye na gari lililo wazi nyuma, naye hana budi kuuchukua katika motokaa iliyofunikwa, auweke mmoja tu, afungue madirisha, aende moja kwa moja, wala asiuache ndani wakati anapokula sokoni. Motokaa iliyofungwa juani hupita nyuzi 50 za joto bila shida.

Na hapa mteremko wetu wa Bogoro una neno lake. Gesi iliyo mtungini ni kimiminiko, na juu yake pameachwa nafasi ya mvuke. Mtungi uliojazwa kwa haki hujazwa sehemu nane tu katika kumi. Kwa nini mbili ziachwe tupu? Kwa sababu kimiminiko hicho hutanuka kwa joto zaidi ya mara kumi kuliko maji yatanukavyo. Joto likipanda kutoka nyuzi 20 hata 40, nguvu ya propani ndani ya mtungi huongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Mtungi wa haki hustahimili hayo. Lakini wapo wachuuzi wanaomimina gesi kutoka mtungi mkubwa kuingiza katika mdogo, kwa kubahatisha, wakidhani wamemtendea mteja wema kwa kumjazia pomoni. Mtungi huo ukinunuliwa penye baridi ya mlimani na kushushwa kwenye joto la ziwa, hauna tena nafasi ya kutanukia. Basi mnunuzi autie mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechorwa juu ya chuma chake. Kinachozidi hapo ni gesi, nayo isizidi kipimo kilichoandikwa.

Mtungi usafiri ukiwa wima. Ile valvu ya usalama imewekwa juu ili, nguvu ikizidi, utoke mvuke. Ukilazwa, hutoka kimiminiko chenyewe, na kimiminiko hicho kikigeuka kuwa mvuke huongezeka zaidi ya mara 200. Koki ifungwe, detenderi ifunguliwe na kuwekwa kando, kifuniko kirudishwe. Kamba iushike mtungi katikati na chini, usipige ngoma juu ya mabati njia nzima. Na mtungi unaosemwa kuwa mtupu utendewe vivyo hivyo. Haukosi kubaki na mvuke.

Gesi kwa asili yake haina harufu. Watengenezaji huitia dawa yenye uvundo ili pua itambue. Ni busara kubwa, ila katika njia ya Kasenyi ina kikwazo chake: samaki wakavu. Motokaa ipandayo kutoka ziwani ikiwa na magunia manne ya samaki, ni pua gani itakayotambua uvundo mwingine? Samaki na mtungi wasipande gari moja.

Ikiwa harufu imesikika, dereva asimame na kuzima injini, watu washuke wote, milango ifunguliwe pande zote mbili. Asiwepo wa kuwasha sigara wala kugusa simu. Mtungi uchukuliwe mbali, mahali palipoinuka, wala si mtaroni. Na injini isiwashwe upesi ati kwa kuwa jua linakuchwa.

Mwenye kudhani twatia chumvi na akumbuke Embakasi, katika mji wa Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gari lililobeba gesi lililipuka katikati ya makao ya watu. Moto ulifika katika nyumba na maghala, wengine wakafa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa wamo nyumbani kwao.

Kwa wale wanaoendelea na safari majini, hatari haipungui. Tumbo la mashua halina tundu chini, na ole wake likiwa nalo! Gesi ikishuka ndani ya ngama hukaa humo hata injini iwashwe. Katika mashua mtungi ukae juu ya sitaha au omoni, mbali na injini, koki yake ikikaguliwa kabla ya kung'oa nanga.

Mtungi ukifika nyumbani, usiunganishwe na jiko papo hapo. Usimamishwe kivulini, nje ya jiko la makala, upumzike. Kisha detenderi ifungwe, na maji ya sabuni yapakwe penye viungo vyote. Povu likichemka, koki ifungwe tena, na jioni hiyo ugali upikwe kwa makala.