Mchanga wa Oili

Mwezi uliopita, vijana wanaotujengea fremu mbili mbele ya nyumba walichimba msingi hadi wakafika mahali udongo ulipogeuka mweusi na kuanza kunuka. Mjukuu wangu, ambaye ndiye msimamizi wa ujenzi kwa sababu ndiye mwenye nguvu za kugombana na mafundi, akaja kuniuliza, "Babu, hapa palikuwa na gereji?" Fundi yeye alikwisha kuamua kuwa kuna mtu aliwahi kuficha dizeli ya wizi. Nikawaambia palikuwa na uwanja wa gofu. Mjukuu akacheka. Fundi naye akacheka kwa adabu, kisha akaniomba hela ya saruji.

Sikuwa natania, ingawa neno uwanja nililitanua kidogo. Kilikuwa kipande cha mchanga cha ukubwa wa chumba cha kulala, nilichokipika mwenyewe kwa oili chakavu tulipohamia hapa Nyakato, Mwanza. Katikati nilizamisha kopo, mdomo wake ukiwa sawasawa na ardhi. Kilichonikera ni swali la pili la mjukuu: "Kwani gofu inachezwa kwenye mchanga?" Ameiona kwenye televisheni, kwenye majani ya kijani yanayong'aa, na anadhani ilizaliwa hivyo.

Mimi niliikuta kwenye mchanga. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Dakta Williamson, mwenye mgodi, alikuwa amekwisha kufariki, Januari 1958, na sisi tulihamia baadaye. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa Mwadui ilikuwa nini. Lakini vijana wanaoijua kwa timu ya mpira iliyopanda Ligi Kuu wajue kwamba ndani ya ua ule palikuwa na gofu, na jioni Wazungu wa mgodini walipotoka kazini, sisi watoto wa wafanyakazi tuliwabebea mifuko ya fimbo. Tuliitwa makedi. Malipo yalikuwa thumni, na mwungwana akishinda aliongeza soda.

Shinyanga haikuwa na maji ya kumwagilia majani ya anasa. Pale kwenye shimo, mahali ambapo Ulaya pana majani yaliyonyolewa hadi yakawa laini, kwetu palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili ya magari. Oili ilizuia upepo usiupeperushe mchanga na mvua isiuchote. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilikuwa hivyo zamani. Hata Gymkhana ya Dar es Salaam, yenye bahari jirani, ilichezewa kwenye mchanga kwa miaka mingi.

Harufu ile bado naijua. Asubuhi ilikuwa nzito na ya chini, kama ya bawaba iliyotiwa grisi. Ikifika saa nane, jua likishaupasha mchanga, ilipanda na kuingia puani hadi ukaisikia kooni. Mchana huo huo ilichanganyika na harufu ya majani makavu na vumbi la mgodi, na mvua ya kwanza ikidondoka juu yake ulitoka mvuke ambao sijaukuta mahali pengine popote. Iliganda kwenye miguu, kwenye kaptura, kwenye shuka. Mama hakuhitaji kutuuliza tulikuwa wapi. Aliinama kidogo mlangoni, akanusa, akaonyesha beseni. Sabuni ya mche haikuiondoa yote, na shuleni mwalimu aliwajua makedi kwa kupita nyuma ya madawati.

Mwenye maduara yale alikuwa mzee mmoja wa Kisukuma, mrefu, mwenye kofia ya kijani isiyo na ukingo. Hatukumwita jina, tulimwita Baba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na ubao wenye mpini mrefu akisawazisha mchanga baada ya kila kundi kupita, kisha kuvuta bomba zito lililofungwa gunia ili kufuta alama za nyayo. Kila baada ya muda alikuja na pipa, akamimina oili kwa kata, akachanganya kwa reki polepole. Oili ikizidi, mpira ulinata. Ikipungua, mchanga ulikuwa mwepesi na mpira ulichimba mfereji. Aliupima kwa kufinyanga konzi moja na kuifungua: mchanga mzuri ulibaki na alama za vidole bila kuchafua kiganja. Wahandisi wenye digrii walisimama pembeni wakisubiri aridhike.

Hakuwahi kucheza raundi nzima, maana hakuruhusiwa. Lakini saa sita, waungwana wakiwa mezani, alichukua fimbo namba saba yenye mpini uliopasuka na kufungwa waya, akatuita. "Mwangaluka," tunamwamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma hata kama ni mchana, kwa kumtania, naye anaitikia bila kucheka. Halafu somo linaanza, na somo lilikuwa moja tu: mpira ukiwa hatua chache kutoka kwenye mchanga, uufikishe vipi shimoni. Mikwaju mirefu aliidharau. Alisema kupiga mbali ni kazi ya nguvu, na nguvu hata punda anazo.

Tulisimama miguu ikiwa karibu karibu, uzito kwenye mguu wa mbele, mikono ikitangulia fimbo. Viwiko vilitulia, na kiganja kikicheza ulichapwa kwa mpini wa ule ubao. Ardhi ya kuzunguka duara ilikuwa ngumu na mchanga ni mzito, kwa hiyo mpira uliotua juu ya mchanga ulikufa palepale. Kwa sababu hiyo alituchagulia mahali pa kutua, akaweka jani, na kutuambia tusahau shimo, tulipige jani. Mpira uligonga ardhi ngumu, ukaruka mara moja, ukaingia mchangani ukiwa na mwendo wa kutosha kumalizia safari. Fimbo ya mchangani, ile yenye uso uliolala na tumbo nene ambayo Gene Sarazen wa Marekani alishinda nayo Open ya Uingereza 1932, aliikataza kabisa. Kwenye ardhi ya Shinyanga tumbo lile lilidunda, ncha ikaupiga mpira katikati, ukatoweka vichakani.

Na vichakani ndiko kulikokuwa na matatizo. Mwadui ni mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, na mtoto anayetembea ameinama akichunguza ardhi alikuwa mtuhumiwa. Walinzi walitutazama. Mara nyingine walituita, wakatupanua viganja na kutukagua hadi nywelani. Mwenzetu mmoja alizoea kuimba kwa sauti kila alipotafuta mpira, ili ijulikane hana siri.

Nimejaribu kuhakikisha mwaka tuliohama. Cheti cha kazi cha baba kinaonyesha 1971. Mama hadi anakufa alisema ni mwaka wa njaa. Kaka yangu anaapa ni baada ya Serikali kuuchukua mgodi wote, yaani 1973. Tulihama, basi. Mhandisi mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake alinipa fimbo mbili, namba saba na ya kusukumia, bila hotuba.

Nyakato ya wakati ule ilikuwa na nafasi ambayo ukiwaeleza watoto wa leo hawaamini. Kutoka kwetu uliona mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana bila ukuta wowote kukukinga, na katikati palikuwa na ng'ombe, mihogo na njia za miguu. Niliajiriwa kiwanda cha nguo cha Mwatex, upande wa mitambo ya kufuma, na nikitoka zamu ya asubuhi nilikuwa na jioni nzima. Mchanga niliutoa mtoni. Oili nilipewa na fundi wa magari jirani, aliyekuwa akiimwaga mtaroni. Mke wangu alisimama mlangoni akiniangalia nikichanganya, akauliza, "Sasa unawapikia kina nani?" Jirani mmoja alilalamika juu ya harufu, mwingine akasifu kwamba nyoka wamepungua.

Pale ndipo nilipofanya mazoezi kuliko nilivyowahi kufanya Mwadui. Nilipanga karai hapa, tofali pale, nikapitisha mipira juu ya kamba ya nguo na mara nyingine kwenye nguo zenyewe. Vijana wa zamu waliokuwa wakipita walianza kwa kucheka, wakaishia kuweka dau la sigara. Watoto wa mtaa walikuja na vipande vya nondo vilivyokunjwa ncha, nikawafundisha lile jani. Niliwaeleza kwamba katika mikwaju 72 ambayo ndiyo kipimo cha kawaida cha mashimo 18, mikwaju 36 imetengwa kwa kusukuma mpira shimoni, miwili kila shimo. Kwa hiyo mtoto asiye na misuli anaweza kumshinda mtu mzima kwenye nusu ya mchezo. Wawili kati yao walikuwa na mkono ambao sijauona tena.

Miaka iliyofuata haina mengi. Sabuni iliadimika, mipira ya gofu ndiyo kabisa. Mwatex ikayumba, ikafungwa, nikapewa barua. Wakaja watu wa minofu ya sangara, na kila aliyepata fedha za samaki akanunua kiwanja. Njia za miguu zikawa kuta. Juu ya mchanga wangu tulijenga banda la kuku, na kuku, kwa kumbukumbu yangu, hawakujali harufu.

Kisha binti yangu akaolewa Kisumu. Nilipokwenda kumwona, mkwe, kijana mpole anayeniita "mzee wangu" hata akinipinga, akasikia habari za Mwadui, akanipeleka Nyanza Golf Club. Ni uwanja ulio karibu na Ziwa Viktoria hili hili, unaosifika kwa sheria yake kwamba mpira ukilala karibu mno na kiboko au mamba, unaruhusiwa kuangusha mwingine mahali salama bila adhabu. Mkwe alinilipia saa moja ya mafunzo. Mwalimu alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zangu, na pembeni ya uwanja palikuwa na eneo la mazoezi tu: majani ya kusukumia, shimo la mchanga, na ndoo ya mipira ambayo hakuna aliyeihesabu.

Nilisimama kama nilivyofundishwa, nikachagua jani, nikalipiga sawasawa. Mpira ukaruka, ukaingia kwenye majani, ukapita shimo, ukaendelea, ukatokea upande wa pili. Nikarudia, ukapita tena. Nikajaribu kusukuma kutoka karibu, nao ukateleza hadi mbali kuliko ulipoanzia. Kijana alinitazama kwa muda, akauliza kwa heshima, "Mzee, ulijifunzia kwenye mchanga wa oili?" Kumbe wazee wa kwao nao wanasukuma hivyo hivyo, kwa mkono wa kusukuma mkokoteni. Hakukuwa na kosa katika niliyofundishwa. Yalikuwa sahihi kwa ardhi ambayo haipo tena. Akanipa ile fimbo yenye tumbo nene, akanionyesha jinsi majani yanavyolipokea tumbo lile badala ya kulidundisha, na jinsi mpira unavyoweza kupaa na kutua ukiwa umetulia. Saa ilipokwisha nilikuwa nimeanza kuelewa. Baba wa ubao angemkodolea macho.

Tangu hapo nafuatilia. Lugalo wanajeshi wana uwanja wao, Usa River kuna Kili Golf, TPC Moshi wanacheza, na mashindano ya Lina PG Tour yaliyoanza 2024 kumkumbuka mchezaji gofu wa zamani Lina Nkya yanawapa vijana wa kulipwa pa kushindania. Madina Iddi wa Arusha huenda nchi za watu na kurudi na mataji. Wengi wa wachezaji wetu hodari walianza kwa kubeba mifuko, maana kedi hupata kitu ambacho mwanachama hulipia, yaani kuutazama mpira ukiviringika siku nzima. Lakini mtoto wa Nyakato atabeba mfuko wa nani? Mkoa huu una daraja la kilomita tatu linalokatiza ziwa, jiji lina majani ya bandia Nyamagana, na bado ukitafuta kipande cha ardhi cha kurushia mpira unaambiwa kimepimwa, kina mwenyewe, kitawekwa kituo cha mafuta. Mjukuu wangu hujifunza kwa video. Anajua kusimama na anajua majina ya fimbo zote. Hajawahi kuushika mpira wenyewe.

Nililisema hilo kwenye mkutano wa mtaa. Niliomba eneo la wazi lililobaki karibu na bomba la maji lisigawiwe, liachiwe watoto kwa mchezo wowote watakaoutaka. Kijana mmoja mwenye koti akasimama akasema kwa kejeli kwamba gofu ni ya matajiri na mzee anataka kutuletea ukoloni. Nikamwuliza kama amewahi kumwona tajiri akivuta bomba lililofungwa gunia jua la saa nane. Wachache wa rika langu wakapiga makofi. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye daftari, akasema hoja imepokelewa, akahamia kwenye ajenda ya ada ya taka.