Nilimwita rafiki yangu tapeli, kumbe ni omu!

Msomaji wangu, leo nakusimulia aibu yangu mwenyewe, na ukicheka sikulaumu.

Pale Sinza nimepanga chumba kimoja, nikikohoa tu jirani ananipa pole. Kwa hiyo muziki wa usiku ni wa hedifoni. Marehemu mjomba aliniachia amplifaya ya zamani, ile mizito ya kuvunja mgongo, na mshikaji wangu mmoja wa Kariakoo akaniuzia hedifoni kwa shilingi 60,000. "Mali safi hiyo, ndugu yangu," akaniambia.

Basi bwana, nachomeka usiku ule, bezi imevimba kama andazi lililozidi hamira! Mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Kesho yake nikamfuata mshikaji mpaka kijiweni na mbele ya watu wote nikamwita tapeli. Mtu niliyesoma naye tangu darasa la kwanza! Hakujibu neno. Akahesabu elfu sitini, akaziweka kwenye benchi, akaondoka. Hata hedifoni hakuichukua.

Nikaipeleka kwa fundi redio, mzee mmoja mpole. Kwanza akaichomeka kwenye simu yake. Bezi ikatulia, mwimbaji akatoka kwenye pipa. Moyo ukanipiga paa!

Kisha akafungua amplifaya. Tundu la hedifoni limeungwa kwenye njia ya spika kupitia rezista za omu 330, moja kila upande. Zamani watengenezaji wengi walifanya hivyo ili nguvu ya spika isiunguze hedifoni. Hedifoni yangu imeandikwa omu 32.

"Sikiliza mwanangu," akasema. "Rezista na hedifoni ni ndugu wawili wanaokula sinia moja. Mwenye omu nyingi ndiye anayebeba mnofu. Sasa omu za hedifoni hazitulii. Hiyo 32 ni ya jina tu, kwenye bezi zinaweza kupanda hata zikafika 64. Zikifika hapo, hedifoni inapata karibu mara mbili ya volti inazopata kwenye sauti nyingine. Ndio uvimbe wako huo."

Kanuni ya mafundi, alisema, ni kwamba omu za tundu zisizidi sehemu ya nane ya omu za hedifoni. Kwa hedifoni ya 32, mwisho ni omu 4. Mimi nina 330! Nikamwambia azing'oe hizo rezista. Akanitolea macho: "Unataka kuiunguza, na masikio yako pia?" Dawa ni kiamplifaya kidogo cha hedifoni chenye omu 1 au pungufu, unakiunga nyuma ya kile cha zamani, kwenye matundu ya kurekodia.

(Wapo wanaokosea kinyume chake. Mtu ananunua Sennheiser HD 600 yenye omu 300, anachomeka kwenye simu, sauti inatoka kama ya mbu, anasema mbovu. Simu ndiyo haina volti za kutosha.)

Jioni nikarudi kijiweni na elfu sitini mkononi. Watu walewale. Nikamwomba radhi mshikaji palepale, kwa sauti ileile niliyomtukania. Pesa akapokea, mkono akanipa. Lakini soda niliyomnunulia hakuigusa.